Sheki Ndani ya Kofia

Siku Onésime Kasonia alipopata sheki, mtaa wake wote pale Butembo ulidhani vita imekwisha.

Usicheke. Benki zilikuwa zimeuhama mji tangu miaka ya uporaji, zikaacha milango ya chuma na popo. Vita ya kwanza ikapita, ya pili ikaja ikakaa, na pesa ikajifunza kusafiri bila benki: ndani ya magunia ya maharage, ndani ya soksi, ndani ya matumbo ya samaki wa chumvi. Kulikuwa na mama mmoja aliyebeba mtaji wake ndani ya nywele mpaka Bunia na kurudi, na msusi wake akaheshimiwa mjini kuliko mhasibu yeyote. Sheki, ile karatasi ya kuamuru benki imlipe mtu, ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, kama treni. Kwa hiyo aliyekuletea sheki hakukuletea malipo peke yake. Alikuletea habari kwamba mahali fulani kuna benki iliyo wazi, na karani aliyevaa tai, na mlinzi anayesinzia mchana bila kuogopa risasi.

Aliyeileta alijiita Jéthro. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeungama, na viatu vyake vya kahawia vyenye ncha vilikuwa havijajuana na tope la Butembo. Alisema ananunua kahawa kwa niaba ya nyumba moja kubwa ya biashara ya Kampala. Onésime, mwenye depo la kahawa, akamtajia bei ya kwanza, ile ya juu mno ambayo kila mfanyabiashara wa kule hutaja ili apate pa kushukia, na mgeni akasema sawa. Hakubishana hata kidogo. Hapo mtu yeyote aliyezaliwa Butembo alipaswa kufunga depo lake na kukimbia, maana asiyebishana bei ni mwendawazimu au ni mwizi. Onésime akaona ni amani inarudi.

Sheki ilikuwa imeandikwa pesa nyingi kuliko bei ya kahawa. Jéthro akaeleza kwa upole kwamba patron, yaani tajiri wake, ameweka pamoja kahawa na gharama za njia. Onésime aipeleke kwenye koperative ya akiba, achukue haki yake, na kinachobaki amrudishie yeye mkononi kwa ajili ya barieri, vile vizuizi vya askari njiani.

"Unajua, Papa," alisema, "basoda ku barieri hapana kupokea sheki."

Neno hilo lilikuwa la kweli kabisa, na uongo uliopanda mgongo wa ukweli hufika mbali bila kuchoka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katika kanisa la akina Onésime, aliyetendewa jema na Mungu halinyamazii. Analeta shukrani: kuku, mkungu wa ndizi, kikapu cha viazi. Anasimama mbele, anaeleza alichotendewa, wamama wanapiga vigelegele, na baada ya ibada vitu vile vinapigwa mnada kiwanjani na pesa inaingia kanisani. Onésime alikuwa shemasi mwenye sauti ya besi; inasemekana siku moja ya Pasaka aliimba mpaka mgonjwa wa mtaa wa pili, aliyekwisha kuagwa na jamaa zake, akaketi kitandani akaomba chai. Alikuwa pia na kofia ya kahawia, pana hivi kwamba mvua ikinyesha wanakwaya watatu walijisitiri chini yake na mmoja tu alilowa bega.

Jumapili ile aliivua kofia, akaibana kwapani, akasimama mbele na kuku mwekundu mkono huu na sheki mkono ule. Kuku alikuwa wa Séphora, mke wake, na Séphora hakupenda kabisa atolewe, maana alikuwa anataga kama amelipwa. Onésime akainua ile karatasi juu, akawaambia watu wasome jina la benki, akamshukuru Mungu kwa Kampala yote. Halafu akaongeza maneno ambayo hakuna aliyemwomba. Alisema mgeni yule ametumwa na Mungu, na kila mwenye kahawa ampokee kama yeye alivyompokea.

Kwenye mnada, aliyemnunua kuku alikuwa shemeki wake Syauswa, mume wa dada yake Emérence. Syauswa aliishi Beni, alikuwa na depo la kahawa huko, na alikuwa Mkatoliki. Alikuja Butembo siku zile kumsalimu mama mkwe. Onésime na Syauswa walikuwa na vita yao ya masihara isiyo na mkataba wa amani. Zamani Syauswa aliuziwa redio sokoni, akafika nyumbani, akaifungua, akakuta ndani tofali. Tangu siku hiyo Onésime hakumwita tena kwa jina. Aliisimulia ile redio kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye ubatizo wa mtoto wa Syauswa mwenyewe, na kila alipoisimulia tofali liliongezeka uzito.

"Tofali," alimwambia pale mnadani, "wewe Mukatoliki, kuku ya Baprotestanti utaiweza?"

"Baraka haina dini, shemeki," Syauswa akajibu, kuku kwapani. "Miye nataka inikamate na miye."

Watu wakacheka, na Syauswa akalipa bei ambayo ingenunua mbuzi mdogo.

Jumatatu Onésime akaenda kwenye koperative. Jerante, yaani meneja wa pale, alikuwa Eliane, mwanamke asiyependa haraka. Aliigeuza sheki mbele na nyuma, akamwambia Papa Onésime kwamba sheki bado si pesa, ni ahadi ya pesa, na kwamba ataipokea na kuituma Kampala kwa mkono wa wafanyabiashara wanaopitia Kasindi. Litakapotoka jibu, ndipo watazungumza. Onésime akaona haya kumwacha mgeni asubiri. Mtu ambaye jana ametajwa madhabahuni, leo akae kwenye benchi kama mdai? Akasema yeye ni mwanachama tangu koperative ilipokuwa meza moja na mwavuli. Akatoa pesa ya barieri kutoka akiba yake mwenyewe, ile ya mabati, maana nyumba yake ilikuwa imeezekwa upya upande mmoja na upande wa pili bado ulimwaga mvua ndani ya mabeseni. Eliane alimhesabia huku akitikisa kichwa. Jéthro akazipokea kwa mikono miwili, akambariki, na kabla ya adhuhuri kahawa ilikuwa njiani.

Jibu la Kampala lilikawia, kwa sababu ya mvua na kwa sababu ya vita. Lilipofika, Eliane alimwita Onésime ofisini, akafunga mlango. Hakupandisha sauti. Aliiweka sheki mezani na kuigeuza ili aisome yeye mwenyewe. Ilikuwa na muhuri mwekundu: FAUX, yaani bandia. Benki ilikuwapo. Kompte, yaani akaunti, haikuwapo, wala nyumba ya kahawa, wala mtu wa saini ile.

Onésime aliona haya inampanda kuanzia magotini, kama maji ya mto unapovuka ukidhani kina ni kifupi.

Eliane akamweleza la kufanya, polepole, kama anayemweleza mgonjwa dawa zake. Asiichane ile karatasi wala asiichome, maana ndiyo shahidi pekee aliyebaki. Yule mtu akirudi na karatasi nyingine, asiipokee, na asimpe tena hata sahani ya chakula. Yeye Eliane ataandikia koperative nyingine na ofisi ya mji, ingawa ofisi yenyewe siku zile ilibadilisha wakubwa kama mtu anavyobadilisha shati. 

"Na useme, Papa," alimaliza. "Ulimusifu mbele ya kanisa nzima. Sasa useme mbele yao. Mutu ya namna ile hapana kuiba mara moja."

Onésime akasema ndiyo. Alikusudia kulisema kwa besi, likatoka kwa sauti ya pili ya kwaya, ile ya wanawake.

Jumapili iliyofuata alikuwa na kikohozi. Jumapili nyingine mvua ilipiga mabati ya kanisa kwa nguvu, akaona hakuna atakayesikia. Kuna utaratibu wa kutoa shukrani. Wa kuirudisha hakuwahi kuuona. Utasema nini? Kwamba Mungu ulimshukuru kwa kazi ya mwizi? Nyumbani alimwambia Séphora kwamba watu wa Kampala wanachelewa. Séphora akatazama mabeseni.

Na kwa kuwa Séphora alikuwa mwanamke wa kufagia, mwenye kuinua godoro na kukung'uta mifuko, Onésime hakuona mahali pa kuficha ile karatasi isipokuwa ndani ya kofia, chini ya ule mkanda wa ngozi wa ndani. Basi kofia ikawa haitoki. Alisalimia watu akiwa ameivaa. Alikula akiwa ameivaa. Kanisani alianza kuketi nyuma karibu na mlango, kofia magotini na viganja viwili juu yake, kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka. Wanakwaya wakasema utajiri umemwingia kichwani. Laiti wangejua walivyokuwa karibu.

Asubuhi moja akaitwa kwenye foni.

Foni ilikuwa ile redio ya antena ndefu, iliyowekwa katika duka la Mathe. Simu za nyaya zilikuwa zimekufa zamani, na za mkononi zilikuwa hadithi ya watu waliotoka Uganda. Ukitaka kusema na mtu wa Beni au Kirumba, ulienda kwa Mathe, ukaketi kwenye benchi, ukangoja zamu. Mwisho wa neno lako ulisema *à vous*, ili mwenzako ajue sasa ni yeye. Ubaya wake ni kwamba foni haikuwa na siri. Aliyeketi kwenye benchi alisikia, na aliyewasha chombo chake Kyavinyonge kule ziwani au Mutwanga chini ya milima naye alisikia. Kulikuwa na watu ambao kazi yao ya asubuhi ilikuwa kusikiliza mambo ya wengine, na hawakukosa hata siku moja.

"Shemeki, wasingya," sauti ya Syauswa ilitoka Beni, ikishukuru kwa lugha ya kwao na kukaangika ndani ya chombo. "Asante kwa baraka. Mugeni yako amefika kwangu. Kahawa yangu yote ataibeba, na sheki yangu iko kubwa kupita yako. Ananiomba tu ile ya barieri. À vous."

Mathe akayarudia yote kwa watu wa benchi, kwa desturi yake, ingawa kila mmoja alikuwa amesikia. Mama mmoja akapiga kigelegele.

Onésime akashika mikrofoni. Alikuwa na neno moja tu la kusema: usipokee. Lilikuwa pale, mdomoni, limekwisha kutafunwa. Lakini kwenye benchi waliketi sauti mbili za soprano za kwaya yake, na muuza maziwa, na mdogo wa Pasta Josaphat, mchungaji wa kanisa lao. Wote wanamtazama kwa fahari, kwa kuwa shemasi wao alikuwa amefungua mlango ambao hata watu wa Beni wanaupita. Karatasi ikamwasha chini ya kofia.

"Ngoja," alisema. "Usitoe kitu. Nakuja miye mwenyewe. À vous."

Kicheko kikatoka kwenye chombo.

"Ah, shemeki. Wivu iko mubaya. À vous."

Benchi lote likaangua kicheko. Na Onésime, ili asibaki peke yake, akacheka nao.

Alipanda kamiyo, yaani lori, ya kwanza iliyokuwa inaelekea Beni, juu kabisa, kati ya magunia ya viazi na mbuzi mmoja aliyekuwa na tabia mbaya. Njia ile siku zile ilikuwa na tope lenye sifa yake. Wanasema kamiyo moja ilizama pale, na majira yaliyofuata mtu akilima maharage akagonga paa lake kwa jembe, na dereva akateremsha kioo akauliza kama amefika. Yao haikuzama kiasi hicho. Lakini ilisukumwa, ikasimamishwa kwenye barieri ya hawa na kwenye barieri ya wale, na kila mahali askari walitaka kitu, na kweli hakuna aliyeuliza sheki.

Njia nzima Onésime alikuwa anatunga. Atasema Jéthro ana ugonjwa wa kuambukiza. Hapana, atasema anatafutwa na askari. Atasema bei ya kahawa inapanda wiki ijayo, kwa hiyo wangoje. Kila uongo ulipendeza mpaka alipomwazia Syauswa akiujibu, ndipo ukaanguka. Ukweli peke yake ndio haukuhitaji mazoezi, na ndio huo aliokuwa hautaki.

Beni ilikuwa na joto. Mtu wa Butembo akishuka kule huvua koti, na mwenye akili huvua na kofia. Mbele ya depo la Syauswa kamiyo ilikuwa imesimama na tairi moja nje, dereva wake Vagheni amelala chini yake akipigana na boliti, na magunia ya kahawa yamepangwa ukutani yakingoja. Onésime aliyatazama magunia, akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hayajaenda.

Jéthro alikuwa ameketi mezani barazani, amekwisha kunawa. Aliinuka, akamshika Onésime mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Papa Onésime," alisema, "mufadhili yangu."

Wala hakupepesa macho. Onésime alisema alichosema, hata mwenyewe hakukisikia, akamvuta Syauswa mpaka nyuma ya magunia. Akajaribu uongo ule wa askari. Syauswa akajibu kwamba jana mgeni alikunywa bia na komanda, na komanda ndiye aliyelipa. Akajaribu ule wa bei. Syauswa akamtazama kwa huruma.

"Shemeki, donc sema tu. Unataka kahawa ipitie kwako, upate commission."

"Hapana."

"Miaka yote unaniita Tofali. Leo Tofali anapata sheki kubwa kuliko yako, na weye hapana kulala." Akampiga begani. "Njoo tukule. Hasira ya njaa hiyo."

Emérence alikuwa ameandaa bundu, yaani ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na kuku. Aliweka sufuria mezani bila kumtazama kaka yake vizuri, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni yule mwekundu wa kanisani. Alikuwa anataga kila siku, yeye alitaka abaki, lakini Syauswa alikataa kusikia; aliyeleta baraka ndiye aile. Mapaja yote mawili yalikuwa yamegeuzwa kuelekea upande wa Jéthro.

Syauswa akasema aombe shemasi, maana ndiye bingwa wa shukrani. Jéthro akawa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Onésime akafumba macho. "Baba yetu," alianza.

"Kofia, yaya," Emérence akamnong'oneza kaka yake mkubwa.

Akajifanya hakusikia. "Baba yetu uliye—"

"Yaya. Kofia."

Hakuna aliyepata kumwona shemasi akiomba amevaa kofia. Hata Vagheni, aliyekuwa amekuja kutafuta maji ya kunawa mafuta ya gari, alisimama akangoja. Onésime akafikiri haraka: karatasi imekazwa chini ya mkanda, nikiivua taratibu na kuilaza magotini nani ataona? Akaivua taratibu, akailaza magotini, viganja viwili juu yake, akaendelea na sala kwa besi yake yote. Akaombea chakula. Akaombea njia. Akaombea amani. Alipofika amina hakuna aliyeitikia.

Akafumbua macho. Wote walikuwa wanamtazama juu ya paji la uso. Jasho la Beni lilikuwa limefanya kazi yake: sheki ilikuwa imetoka chini ya mkanda, ikajibandika juu ya upara wake, muhuri mwekundu ukitazama mbinguni.

Emérence akanyoosha mkono, akaibandua polepole, kama unavyombandua mtoto jani lililoganda shavuni. Alijua kusoma. Akaisoma, akaiweka kando ya sahani ya mume wake. Syauswa akatoa yake kutoka mfuko wa shati, akaiweka pembeni yake. Rangi ile ile, saini ile ile. Na namba ya juu kulia, ambayo sheki mbili haziwezi kushirikiana kama vile watu wawili wasivyoshirikiana kaburi, ilikuwa moja.

"Hii ni nini?" Syauswa akauliza.

"Ni ya uongo," Onésime akasema. "Ilirudi kutoka Kampala. Hakuna kompte, hakuna kitu. Na hiyo yako vilevile."

Jéthro, aliyekuwa ameuma paja wengine wakisoma karatasi, alikuwa tayari amesimama. Alisema kwa upole kwamba kuna kosa la karani, na kwamba anaomba samahani, mikono yake ina mafuta ya kuku, anakwenda kunawa. Akatoka na kitambaa cha Emérence begani. Mpaka leo bado ananawa. Walipoinuka kumfuata, pikipiki ilikuwa imekwisha kukata kona, na kitu pekee alichoacha ni paja moja lililoumwa mara moja.

Vagheni akageuka. Alikwenda kwenye kamiyo yake, akainua kile kibao cha kuzuia jua, akarudi na sheki ya tatu, aliyopewa na Jéthro kwa gharama ya safari. Akailinganisha namba na zile za mezani, akarudi chini ya gari, na kwa muda mrefu hakikusikika kitu isipokuwa nyundo.

Syauswa aliketi tena. Onésime alimngoja acheke, amwite Tofali, aitishe majirani. Angeshukuru. Syauswa hakucheka.

"Ulijua tangu lini?"

"Zamani kidogo."

"Kabla ya foni?"

"Kabla ya foni."

"Na pale juu ya foni ulicheka. Nilikusikia."

"Nilicheka."

Syauswa akatazama magunia yake, halafu tairi lililokuwa limeegemea ukuta.

"Asubuhi, kama tairi haikupasuka, saa hii kahawa iko Kasindi, na pesa ya barieri iko mufukoni mwake. Batoto yangu, dada yako, wote tungekula nini, miye sijui." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Kitu kilichokomboa nyumba yangu ni tairi, shemeki. Si weye."

Emérence akamsogezea kaka yake sahani. Onésime alijaribu kumega bundu, likamkwama mkononi. Aliwaza juu ya lile neno moja alilokuwa nalo mdomoni kwa Mathe, dogo kabisa, neno ambalo hata mtoto angeweza kulisema, na jinsi alivyolimeza ili soprano mbili na muuza maziwa waendelee kumwona mkubwa. Alikuwa ameipima nyumba ya dada yake na kofia yake, akachagua kofia.

Akainuka bila kula. Akachukua sheki yenye muhuri, akaikunja, akaishika mkononi wazi. Syauswa akamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwenye foni.

Foni ya Beni ilikuwa nyuma ya duka la dawa, na benchi lake lilikuwa limejaa vilevile. Onésime akamwomba mwenye chombo aite vituo vyote, siyo Butembo peke yake. Yule mtu akamtazama, maana vituo vyote viliitwa tu kwa habari ya kifo. Akaviita. Kimoja kimoja vikaitika: Mutwanga, Kyavinyonge, Kirumba, na mwisho Mathe wa Butembo, aliyesema kuna watu wengi na haraka.

Onésime akasema jina lake lote, na la kanisa lake. Akasema sheki aliyoinua madhabahuni ni ya uongo na alijua, na kwamba mtu aliyemsifu ni mwizi. Akaeleza viatu, sauti, ule ujanja wa barieri, na ile kutobishana bei. Akasoma namba, tarakimu moja moja. Akasema mwenye karatasi kama hiyo asiichane, asitoe kahawa, asirudishe hata senti moja, aende kwenye koperative yake leo hii aseme, na asifanye kama yeye, maana yeye alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kumekwisha kufika mpaka mezani kwa dada yake. Halafu akasahau kusema à vous, na hewa yote ya Kivu ya Kaskazini ikabaki inangoja.

Syauswa, aliyekuwa amemfuata na kusimama mlangoni, ndiye aliyesogea akalisema.

Kirumba ikaitika kwanza, sauti ya mzee. Ilisema wanayo moja, kwa mwenye maharage mmoja, na namba ni hiyo hiyo. Mutwanga ilikaa kimya, kimya cha mtu anayepekua masanduku. Kyavinyonge alizungumza mama, mwenye bitoyo, yaani samaki wa chumvi, kwa kifupi sana.

"Bitoyo zilikuwa ziende kesho. Haziendi tena. Wasingya, Papa. À vous."

Zamu ilikuwa ya Butembo. Chombo kilikaangika peke yake. Onésime alimwona Mathe akilini, akiyarudia yote kwa watu wa benchi kwa desturi yake, tarakimu kwa tarakimu. Aliwaona soprano wawili. Aliuona mlango ukijaa. Watu wa benchi la Beni walikuwa wanatazama miguu yao kwa adabu. Mwishowe Mathe akarudi hewani, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu wa foni alikuwa anasema polepole.

"Papa Onésime, tumesikia. Mais hapa Mama Séphora amefika sasa hivi. Mwanzo hakuusikia. Anasema urudie yote, tangu kuku. À vous."

Onésime akavua kofia, akaiweka chini sakafuni, akasogeza mikrofoni karibu na mdomo, akaanza tena tangu kuku.